Aliyemwitikia Nyenze

Nyenze jike haimbi. Hilo halihitaji shahada. Anayepiga kelele mtini jua likiwa kali ni dume, kwa sababu dume ndiye mwenye vigoma viwili chini ya mbavu, na jike hana. Jike husikiliza tu, na akipendezwa hujibu kwa kupigisha mabawa mara moja, tak, basi. Kwa hiyo Jumatatu ile, saa saba kasoro mchana, Masikio aliposikia nyenze akiimba ndani ya droo ya kumi na nne, na droo ya kumi na nne ilikuwa na nyenze mmoja tu, jike, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemgandisha kwenye friji akamchoma pini tangu Alhamisi, alisimama na kikombe cha chai mkononi akasahau kunywa.

Masikio si jina alilopewa na mama yake. Walimpachika wenzake wa chumba cha wadudu pale kwenye jumba la makumbusho, kwa sababu alikuwa anaweza kusimama uani, akafumba macho, akakwambia ni nyenze wa aina gani wanaoimba, wako wangapi, na yupi kati yao anakaribia kuchoka. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na moja. Bosi wake, ambaye watu wote walimwita Daktari, hakuiweza hata kidogo. Masikio yake yalishaziaga sauti za juu kitambo. Nyenze wangeimba mpaka vioo vya dirisha vitetemeke, yeye akauliza mbona leo kumepoa. Lakini vitabu vilikuwa vyake. Masikio anasikia, Daktari anaandika "nilisikia". Ukifika ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, unakuta ameshukuriwa "msaidizi wa maabara", hana hata jina, utadhani ni ndoo.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," dada yake alikuwa akimwambia. "Ila huyo wako ameazima mpaka masikio, na bado anatembea kifua mbele."

Alivuta droo polepole. Sauti ikakatika. Badala ya harufu ya nafthalini ya kufukuzia nondo, ambayo alishaizoea mpaka haisikii tena, ilimpanda puani harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu. Alimtoa yule mdudu, akamgeuza chali chini ya lenzi. Vigoma hakuna. Nyuma kuna kisu kidogo cha kutagia mayai. Jike, mkavu, amekufa siku nne zilizopita.

Ilimbidi amwambie Daktari, maana mdudu huyo alikuwa kipenzi chake. Alimwokota mwenyewe dirishani kwake, na tangu siku hiyo hapati usingizi kwa furaha. Pale uani walikuwepo nyenze wa aina mbili. Wa kwanza walimwita Msumeno: mweusi, macho mekundu, sauti yake moja ndefu ya kukereza isiyopumzika. Wa pili walimwita Birika: wa kijani hadi mabawani, na sauti yake hupanda, hupanda, kama maji yanayokaribia kuchemka, kisha hukatika ghafla. Huyu wa dirishani alikuwa na kichwa na macho ya Msumeno, mabawa ya Birika. Chotara, Daktari alisema, na chotara wa hawa wawili hajawahi kuandikwa na mtu yeyote.

"Anaimba ndani ya droo," Masikio alimwambia kwa sauti ya chini. "Jike, Daktari. Tena mfu."

"Umesikia wa nje, ukachanganya." Hata hakuinua kichwa. "Mwili ninao. Jumamosi nazungumza mbele ya wataalamu wote wa wadudu, na chotara asiye na sauti ni picha tu. Twende mkunguni ukaninasie wimbo wake."

Mkungu ulikuwa katikati ya uani, umetandaza matawi yake mpaka juu ya paa la ofisi. Masikio aliwasha rekoda, akafumba macho. Msumeno sita na Birika wanne, kama kawaida ya saa ile. Na juu kidogo, peke yake, alikuwepo yule mwingine. Alianza kama Msumeno, akamaliza kama Birika, na Masikio akahisi vinyweleo vinamsimama. Chotara wa kweli huimba katikati: msumeno unaopanda kidogo, au birika lenye mikwaruzo, kama mtoto anavyotoka na pua ambayo si ya baba wala si ya mama. Huyu hakuchanganya kitu. Alikuwa Msumeno kamili, halafu, bila hata kuvuta pumzi, akawa Birika kamili.

"Daktari, huyu si chotara," alinong'ona. "Huyu anaiga. Ni kitu kimekaa kikawasikiliza wote wawili, sasa kinajaribu."

"Wewe umekuwa mtaalamu tangu lini?"

"Sijui ni nini. Ndicho ninachokwambia. Simtambui."

"Basi mwite aje karibu, tumwone."

Kuna namna ya kumwita nyenze dume, na wenye kazi hiyo wanaijua. Unasubiri amalize wimbo, halafu unaalisha kidole gumba na cha kati mpaka vilie, tak, kama jike aliyepigisha mabawa. Ukipatia muda wake, dume atadhani amekubaliwa, atakuja mpaka kwenye bega lako. Lakini mama mkali aliyemtangulia Masikio kwenye kazi, aliyestaafu bila hata kuagwa, alikuwa amemwekea sharti moja: tambua kwanza, ndipo uitike. Alisema ni kwa ajili ya rekodi, kwani ukimwitikia usiyemjua utambadilisha wimbo na hutamjua tena. Labda alikuwa na sababu nyingine. Hakuisema.

"Siwezi," Masikio alisema.

Daktari akampigapiga begani, polepole, kama anavyotulizwa mbuzi. "Kazi yako ni kusikia. Kufikiri niachie mimi."

Miaka kumi na moja ilimpanda Masikio kooni kwa mkupuo mmoja. Kule juu wimbo ulikuwa ndio kwanza umekatika. Aliinua mkono mpaka mbele ya pua ya Daktari, akaalisha kidole kwa hasira zake zote. Tak.

"Haya," alisema. "Nimekuitia."

Nyenze wote wakanyamaza. Si wa mkunguni tu. Wa uani, wa barabarani, wa mtaa wa nyuma, wote kwa pamoja, na katika ukimya huo kitu kikaimba mara moja nyuma ya shingo yake, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi, na pumzi hiyo ilinuka udongo.

"Vipi?" Daktari aliuliza, akiangaza huku na huku. "Amekuja?"

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, msusi. Jioni ile dada alikuwa akimfumua nywele sebuleni, akisimulia umbea wa wateja, mara mikono ikasimama.

"Mdogo wangu, hapa shingoni umekatwa na nini?"

"Sijakatwa."

"Kuna mstari." Alipitisha kidole. "Umenyooka kama umepigwa na rula."

Ulikuwa na urefu wa kucha. Jumanne saa saba mchana, akiwa kazini, Masikio alihisi muwasho ukiteremka, na jioni dada alipoangalia, mstari ulikuwa umefika katikati ya mabega. Siku hiyo hiyo walikuta ganda la nyenze limeng'ang'ania fremu ya mlango wao. Maganda ya nyenze si ajabu; nyenze hukaa ardhini miaka, akitoka hupanda mahali, hujipasua mgongo, huchomoka na kuacha ganda lake pale pale, kucha zimeshika. Ila hili lilikuwa na ukubwa wa ngumi. Dada alilichukua kwa ufagio, akalichoma moto nyuma ya nyumba, na moshi wake ulinuka nywele.

Jumatano lilikuwepo lingine kwenye kamba ya nguo, limekumbatia gauni la Masikio la kazini, kubwa kama paka. Safari hii dada alilichoma kwa mafuta ya taa.

Alhamisi Masikio hakwenda kazini. Alikaa chumbani na dada yake, mlango wamefunga, madirisha wamefunga, wakisubiri saa saba ipite kama watu wanaosubiri mdai, na saa saba ilipofika nyenze wa mtaa mzima walinyamaza, na juu ya dari kukaanza msumeno, mrefu, haupumziki, ukatembea juu yao kutoka kona hii mpaka kona ile, ukashuka ndani ya ukuta, ukawa unakereza nyuma ya kabati la nguo ambalo kioo chake kiliwatazama, kisha ukageuka birika, ukapanda, ukapanda, na mgongo wa Masikio nao ukawasha kwa kupanda hivyo hivyo mpaka akauma shuka asipige ukelele, na sauti ilipokatika harufu ya udongo ikajaa chumba, na walipoinua macho kulikuwa na ganda limeng'ang'ania kioo cha kabati, lina kimo cha mtoto wa miaka minne, limepasuka mgongo, la rangi ya chai, jepesi mpaka linatikiswa na pumzi zao, na kila mkono una vidole vitano.

"Usiangalie uso," dada alinong'ona.

Alikuwa ameshauangalia. Pua ilikuwa ya kwake.

Dada alimtoa nje kwa kumburuta. Walikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mama mnene asiye na maneno mengi, ambaye asubuhi alishona sare za shule na alasiri aliwatoa watu majini nyuma ya pazia. Hakufukiza ubani wala hakuuliza jina la mama. Alimwambia Masikio avue blauzi, akauangalia mgongo kwa muda mrefu, pini zikiwa bado mdomoni.

"Huu ni mshono," alisema. Akachukua futi yake, akapima. "Kesho utafika hapa. Jumamosi mchana utafika kiunoni, na utafumuka."

"Nitakufa?"

"Utabaki ganda. Atakayetoka atakuwa na uso wako, atarudi nyumbani, atakula, atacheka na dada yako. Hatakuwa wewe." Alitema pini kiganjani. "Alikuimbia, ukamwitikia. Jini wa namna hii hamchukui asiyemwitikia."

"Niliitika kwa hasira. Sikuwa namwitikia yeye."

"Hasira hasara. Yeye hajui ulikuwa unamgombeza nani, yeye amesikia jibu."

Masikio alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha ghadhabu. Aliulizia dawa. Fundi alitikisa kichwa. Jibu likishatoka halirudi kinywani, alisema, lakini linaweza kupata mwenyewe mwingine. Atokee mtu aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba aliyeitika ni yeye. Asilazimishwe. Asidanganywe hata kidogo. Aambiwe ukweli wote kwanza, kisha achague. Ukimdanganya, jini anawachukua wote wawili.

"Sasa nani mjinga wa kujitwisha jambo kama hilo?" fundi aliuliza.

Dada, machozi yanamtiririka, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Fundi," alisema, "wewe humjui Daktari."

Ijumaa asubuhi Masikio aliingia ofisini kwa Daktari bila kubisha. Alimkuta anapitia karatasi za hotuba yake, na karatasi ya juu ilikuwa imeandikwa: *Nilimtambua kwa sikio. Nilimwita kwa kidole changu.* Masikio aliisoma mara mbili. Alikuwa ameingia na hofu tu. Sasa alikuwa na hasira juu yake.

Alimweleza yote. Droo, wimbo, maganda, mshono, maneno ya fundi, mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza wala kupunguza. Aligeuka, akashusha kola ya blauzi, akamwonyesha mstari.

"Upele," Daktari alisema.

"Daktari, nisikilize, maana sitakwambia tena. Aliyeitika ni mimi. Atakayesema ameitika yeye, atachukuliwa yeye. Futa hiyo sentensi. Andika jina langu, utakuwa salama."

Alisema hivyo huku akijua kwamba jina lake likiandikwa, kesho saa saba amekwisha. Alilisema hata hivyo, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu kuna sehemu ndani yake, ndogo, yenye uchungu, iliyotaka kuona kama angeandikwa walau mara moja.

Daktari alivua miwani. Alikuwa na uso wa huruma, ule ambao Masikio aliuchukia kuliko yote. "Kwa hiyo tumefika huku. Majini. Ungesema tu unataka jina kitabuni, ningekuelewa." Akarudisha miwani. "Wivu ni ugonjwa, Masikio. Nitakushukuru mwishoni, kama siku zote."

"Nimekwambia," Masikio alisema.

"Umeniambia."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Masikio na dada yake walikaa safu ya nyuma. Mshono ulikuwa umepita mbavu. Alikaa bila kuegemea, na kila alipovuta pumzi alihisi ngozi ikijivuta pande mbili kama blauzi inayombana mtu. Nje, nyenze waliimba kwa fujo. Daktari alipanda jukwaani amevaa koti lake jeusi, akakohoa mara mbili, *ehem, ehem*, kama alivyozoea kabla ya kusema lolote la maana, akaonyesha picha ya yule jike, akawachezea wimbo. Watu walipiga makofi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba, na Masikio alikuwa ameshika mkono wa dada yake, na muwasho ulikuwa unashuka, unashuka, umefika mahali ambapo mkanda wa sketi hukaa, na kitu ndani yake kikaanza kusukuma kwa nje, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango ambao anajua haujafungwa.

"Wengi mtauliza nani alimwita," Daktari alisema. Macho yake yalizunguka ukumbi mpaka yakampata Masikio kule nyuma. Alitabasamu. "Ni mimi. Mimi mwenyewe nilisimama chini ya mti ule, nikamtambua, nikamwitikia. Hivi."

Aliinua mkono, akaalisha kidole. Tak.

Nje nyenze wote wakanyamaza.

Mgongo wa Masikio ukapoa, kama umemwagiwa maji. Dada alipenyeza mkono ndani ya blauzi, akapapasa. Mshono ulikuwa umefunga, umebaki kovu. Jukwaani Daktari alikuwa amepeleka mkono nyuma ya shingo, anajikuna. Kisha uso wake ukabadilika. Alitazama dari, akatazama kuta, mdomo wazi.

"Mnasikia?" aliuliza.

Hakuna aliyesikia kitu. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

"Miaka yote hii," Daktari alisema polepole, na machozi yakamjaa. "Kumbe ndivyo wanavyoimba."

Jini hakuanza upya. Alianzia pale alipokuwa ameachia. Jumapili Daktari alikwenda ofisini peke yake, mlinzi alimwona akiingia saa sita, na akamwona akitoka saa nane, bila koti, mchangamfu kuliko kawaida yake, akamsalimia kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumatatu Masikio alikwenda uani akalikuta ganda kwenye shina la mkungu, limeng'ang'ania kwa kucha kumi. Lilikuwa limevaa koti jeusi. Vifungo vyote vya mbele vilikuwa vimefungwa. Nyuma, koti na kilichokuwa ndani yake vilikuwa vimepasuka mstari mmoja, kuanzia kola mpaka kiunoni. Alilibandua kwa mkono mmoja. Halikuwa na uzito wa gazeti.

Wenzake walimwuliza wafanye nini nalo, na yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji, kwa hiyo alifanya kazi yake. Alilikunja ndani ya droo kubwa ya chini, akaweka nafthalini, akaandika lebo kwa mkono wake. Aina: haijatambuliwa. Aliyemwita: hapo aliandika jina zima la Daktari, na shahada zake zote, asije akasema amepunjwa.

Yule aliyetoka Jumapili hakuonekana tena kazini. Kwake walisema amesafiri.

Wiki ya tatu, saa saba kasoro mchana, Masikio alikuwa kwenye meza yake dirisha liko wazi. Nyenze waliimba. Msumeno saba, Birika watatu. Halafu wakanyamaza wote, na mkunguni, tawi la chini kabisa, kitu kikaanza kwa msumeno mrefu, kikageuka birika, kikapanda, kikakatika. Na pale ambapo siku zote palikuwa na ukimya, wimbo ukaongeza kitu kipya.

*Ehem, ehem.*

Masikio aliweka kalamu chini.

"Masikio," sauti ilisema kutoka majanini, ndogo, kavu, ya mtu aliyeogopa sana. "Masikio, sikiliza vizuri. Mimi ni nani?"

Wimbo ulirudi tena, msumeno, birika, kikohozi, ukakatika, ukaacha ule muda mfupi unaoachwa kwa ajili ya jibu. Kidole gumba chake na cha kati vilikuwa vimeshagusana. Miaka kumi na moja, kila mara Daktari alipouliza ni nani yule anayeimba, yeye ndiye aliyemjibu.

Alitumbukiza mikono yote miwili mifukoni, akasimama, akafunga dirisha kwa kiwiko.